Namna ya kumpa mtu nyumba au kiwanja kwa zawadi kisheria, Tanzania Bara

Katika familia nyingi za Tanzania, zawadi ya ardhi hutolewa kwa mdomo. Baba huita kikao cha ukoo, hunyoosha mkono kuelekea upande mmoja wa shamba na kusema kwamba kuanzia leo sehemu ile ni ya fulani, wazee huitikia, na jambo huishia hapo. Kikao hicho kina heshima yake na sipendekezi kiachwe, kwa sababu waliohudhuria huweza kuwa mashahidi wa maana siku za mbele. Hata hivyo, kwa ardhi yenye hati miliki, Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inaeleza katika kifungu cha 41 kwamba uhamisho wowote hauna nguvu ya kuhamisha milki mpaka usajiliwe. Baba akifariki kabla jina halijabadilishwa katika daftari la Msajili wa Hati, nyumba aliyoitoa huhesabiwa miongoni mwa mali za marehemu, na aliyepewa hujikuta akivutana na ndugu zake mbele ya msimamizi wa mirathi kuhusu kitu alichokihesabu kuwa chake kwa miaka. Mwongozo huu unamhusu mtoaji aliye hai na mwenye akili timamu, ili zawadi yake ikamilike wakati yeye mwenyewe bado yupo kuthibitisha kwamba ameitoa.

Unachotoa hasa ni nini

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwananchi hupewa haki ya kuimiliki kwa muda maalumu, ambao kwa hati nyingi ni miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo anayetoa kiwanja kwa zawadi hutoa muda uliobaki katika haki hiyo, pamoja na masharti yaliyoandikwa ndani ya hati: matumizi yaliyoruhusiwa, kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka na wajibu wa kuendeleza. Soma tarehe ya kuanza kwa hati kabla ya jambo lingine lolote. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1998 inafikia ukomo mwaka 2031, na ni vyema mpokeaji ajue mapema kwamba atalazimika kuomba muda mpya.

Jambo la pili la kulielewa ni tofauti kati ya kuahidi na kutoa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema katika kifungu cha 25 kwamba makubaliano yasiyo na malipo ni batili, isipokuwa katika hali chache. Mojawapo ni pale makubaliano yanapofanywa kwa maandishi, yakasajiliwa panapohitajika usajili, na yakawa yametokana na mapenzi ya asili kati ya ndugu wa karibu. Kifungu hichohicho kinaongeza kwamba hakigusi zawadi ambayo tayari imeshatolewa. Kwa lugha nyepesi, mjomba aliyesema “nitakupa kile kiwanja ukimaliza chuo” hajafungwa na kauli yake, lakini mjomba aliyesaini hati, akakabidhi na kukamilisha usajili hawezi kuamka asubuhi na kudai kiwanja chake. Zawadi iliyokamilika hutenguliwa na mahakama pekee, kwa mfano pale inapothibitika kwamba kulikuwa na udanganyifu, vitisho, ushawishi usiofaa au upungufu wa akili wakati wa kutoa.

Zawadi pia si wasia. Wasia huanza kufanya kazi aliyeuandika akishafariki, na hadi siku hiyo anaweza kuubadilisha apendavyo. Zawadi inamwondolea mtoaji umiliki leo. Mzee ambaye moyoni anataka kubaki mwenye nyumba mpaka mwisho wa maisha yake anahitaji wasia, wala asishawishiwe na yeyote kusaini hati ya zawadi kwa sababu tu inaepusha usumbufu wa mirathi.

Uchunguzi wa mwanzo

Anza kwa kuomba upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati ya kanda au mkoa ambako kiwanja kimesajiliwa. Majibu yake hueleza mmiliki anayetambulika ni nani, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio lililowekwa na mtu mwingine. Nyumba iliyo rehani haiwezi kutolewa bila ridhaa ya benki husika. Wakati huohuo hakikisha kodi ya pango la ardhi haina deni, kwa sababu ombi la uhamisho halisongi mbele likiwa na malimbikizo.

Linganisha pia majina. Ni kawaida kukuta hati ya miaka ya themanini ina majina mawili ilhali kitambulisho cha Taifa cha NIDA kina matatu, au herufi moja imegeuzwa. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa kiapo kinachothibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Tofauti kubwa huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Shughulikia hili mapema, kwani ndicho kikwazo kinachorudisha mafaili mengi dirishani.

Kuna kikwazo kikubwa zaidi ambacho familia nyingi hukigundua zikiwa zimeshamlipa wakili: hati bado ina jina la babu aliyefariki zamani. Mama anayeishi katika nyumba hiyo kwa miaka thelathini, akilipa kodi zote na kuikarabati, bado hawezi kuitoa kwa zawadi ikiwa jina lake halimo katika daftari. Lazima kwanza mahakama imteue msimamizi wa mirathi ya babu, msimamizi asajiliwe katika hati kwa wadhifa huo, agawe mali kwa warithi halali, na mrithi aliyepata nyumba asajiliwe kama mmiliki. Ni hapo tu ndipo zawadi inawezekana. Njia ya mkato, ambapo familia husaini karatasi ikimtaja marehemu kama mtoaji au msimamizi akajigeuza mwenye mali, huzaa kesi ambazo hudumu kuliko nyumba yenyewe. Madai ya kurejesha ardhi yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 12 chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, na katika kipindi kama hicho watoto wadogo wa leo huwa watu wazima wenye mawakili.

Ridhaa ya mwenza

Hapa ndipo ninapomsihi msomaji asipite haraka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, inakataza katika kifungu cha 59 kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mume au mke. Neno zawadi limo ndani ya kifungu chenyewe. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, katika kifungu cha 161 inakwenda mbali zaidi: hata kama hati ina jina la mmoja tu, mwenza aliyechangia kwa kazi yake katika uzalishaji, utunzaji au uendelezaji wa ardhi hiyo huhesabiwa kuwa amejipatia maslahi ndani yake, na anayepokea ana wajibu wa kuuliza kama mwenza wa mtoaji ameridhia. Asipouliza, au akidanganywa, mwenza anaweza kwenda mahakamani kuomba uhamisho utenguliwe.

Kwa hiyo ridhaa iandikwe. Mke au mume asaini fomu ya ridhaa mbele ya wakili, akiwa na kitambulisho na picha yake, baada ya kusomewa na kuelewa anachokubali. Katika ndoa ya wake wengi, kila mke ambaye nyumba hiyo ni makazi yake au ameiendeleza aulizwe. Mtoaji asiye na mwenza, awe hajaoa au kuolewa, ameachika au amefiwa, aape kiapo kinachoeleza hali yake ya ndoa na kuambatisha talaka au cheti cha kifo. Nimeona watu wakichukulia kiapo hicho kama karatasi ya kukamilisha faili tu. Ukweli ni kwamba anayeapa uongo anatenda kosa la jinai, na zawadi nzima hubaki imesimama juu ya msingi uliooza.

Watoto wengine, ukoo na dini

Sheria ya nchi haimtaki mzazi apate ridhaa ya watoto wake kabla ya kutoa mali aliyoichuma mwenyewe. Pamoja na hayo, nashauri wajulishwe, na muhtasari wa kikao cha familia uandikwe na kusainiwa na waliohudhuria. Mtoto aliyejua zawadi ilitolewa mwaka gani na kwa sababu gani ana nafasi ndogo ya kudai baadaye kwamba mzee alilazimishwa.

Kwa Waislamu, hiba, yaani zawadi, husimama juu ya tamko la mtoaji, kukubali kwa anayepewa, na makabidhiano. Bila makabidhiano, kwa mfano baba akaendelea kukusanya kodi za wapangaji na kuzitumia kama zamani, kadhi au mahakama inaweza kuona kwamba hiba haikutimia. Hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti huchukuliwa kama wasia: haivuki theluthi moja ya mali, na haimfikii mrithi bila ridhaa ya warithi wenzake. Mafundisho ya Mtume kuhusu kuwafanyia watoto uadilifu katika kutoa yanajulikana na wengi, na mzazi anayempa mmoja peke yake afikirie mapema atawaambia nini wengine.

Kuhusu ardhi ya ukoo, mtoaji ajiulize kwa uaminifu kama ni yake kweli au ameikalia kwa niaba ya wengi. Lakini hoja kwamba binti hawezi kupewa ardhi kwa kuwa ni mwanamke haina nafasi tena katika sheria. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ardhi kinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki, kutumia na kuhamisha ardhi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, inabatilisha katika kifungu cha 20 mila zozote zinazomnyima haki hiyo. Kabla ya sheria hizo, Mahakama Kuu ya Mwanza, kupitia Jaji Mwalusanya, iliamua katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake ilikuwa ya kibaguzi na kinyume cha Katiba.

Mtoaji mzee na mpokeaji mwenye mashaka

Mtoaji akiwa na umri mkubwa au afya dhaifu, fanyeni mambo mawili ambayo hayagharimu sana. Kwanza, daktari ampime karibu na siku ya kusaini na aandike kwamba anajitambua na anaelewa mambo. Pili, wakili wa mtoaji awe tofauti na wa mpokeaji, azungumze naye faraghani kwa lugha anayoielewa, na amuulize maswali rahisi: una watoto wangapi, nyumba hii iko wapi, unajua kwamba ukisaini si yako tena? Zawadi inayomwendea mtu anayemlea mzee, anayeshika simu yake na kadi yake ya benki, ndiyo ambayo mahakama huitazama kwa makini kuliko zote, hata kama imetolewa kwa shukrani ya kweli.

Mpokeaji naye achunguzwe. Kwa kawaida asiye raia wa Tanzania hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa shughuli za uwekezaji, kwa mujibu wa kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi. Mke au mume wa kigeni hawezi kuingizwa kwenye hati kama zawadi ya kawaida, na wakili aelezwe uraia wake tangu siku ya kwanza. Mtoto aliye chini ya miaka 18 anaweza kunufaika na zawadi, lakini kwa kuwa hana uwezo wa kufanya mkataba, hati imtaje mtu mzima anayeishika kwa niaba yake na ieleze itakabidhiwa kwake lini.

Mtoaji mwenye madeni asitumie zawadi kama maficho. Wanaomdai wanaweza kuiomba mahakama itengue uhamisho uliofanywa kwa nia ya kuwakwepa, na aliyepewa ataipoteza nyumba pasipo kosa lake.

Kuandika hati ya zawadi

Hati iandaliwe na wakili mwenye leseni hai ya mwaka husika, ambaye unaweza kumhakiki katika mfumo wa e-Wakili. Sheria ya Mawakili inataka jina na anwani ya aliyeandaa waraka wa kisheria viandikwe juu yake, na ofisi ya usajili ina haki ya kuukataa usipokuwa navyo. Kuandikiwa hati na karani wa duka la steshenari kwa bei nafuu ni akiba ambayo mara nyingi hulipwa mara mbili.

Hati nzuri huwa fupi. Iwataje mtoaji na mpokeaji kwa majina kamili, namba za NIDA, anwani na uhusiano wao. Ikitambulishe kiwanja kwa namba yake, kitalu, eneo, wilaya, ukubwa na namba ya hati, kama vilivyo katika hati miliki bila kubadilisha hata herufi. Ieleze kama zawadi inahusisha majengo yaliyomo, wapangaji na mikataba yao. Kiini chake kinaweza kusomeka hivi: “Kwa mapenzi niliyonayo kwa binti yangu aliyetajwa hapo juu, kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu na bila kupokea malipo yoyote, ninampa haki yangu yote katika kiwanja hicho pamoja na nyumba iliyomo, naye anatia saini hapa chini kuonyesha kwamba ameipokea zawadi hii.” Saini ya mpokeaji isisahaulike. Zawadi isiyopokelewa haijakamilika, na hati nyingi za zamani zina saini ya mtoaji peke yake.

Pande zote zisaini mbele ya wakili aliye kamishna wa viapo au mthibitishaji, picha za pasipoti zibandikwe, na mashahidi wawepo. Mashahidi wasiwe wanaonufaika na zawadi hiyo. Jirani wa siku nyingi au mzee wa kanisa au msikiti anafaa kuliko mke wa mpokeaji. Usiandike kwamba kiwanja kimeuzwa kwa shilingi 1,000,000 ilhali hakuna fedha iliyopita, kwa kudhani kwamba mauzo ya bei ndogo yatapunguza kodi. Thamani ndiyo inayotozwa, kama tutakavyoona, na uongo ulioandikwa ndani ya hati humpa mpinzani silaha.

Mtoaji aliye nje ya nchi anaweza kumteua mtu kwa hati ya uwakilishi, iliyosainiwa mbele ya afisa wa ubalozi wa Tanzania au mthibitishaji wa huko, kisha ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hati hiyo itamke wazi kwamba mwakilishi amepewa mamlaka ya kutoa kiwanja fulani kwa zawadi kwa mtu fulani. Uwakilishi wa jumla wa “kusimamia mali zangu” hautoshi, kwani kusimamia hakumaanishi kugawa bure.

Fomu, uthamini na kodi

Pamoja na hati ya zawadi, wakili hujaza fomu tatu zilizowekwa na Kanuni za Fomu za Ardhi za mwaka 2001. Fomu Na. 29 ni taarifa ya uhamisho, Na. 30 ni ombi la kibali cha uhamisho, na Na. 35 ndiyo uhamisho wenyewe wa haki ya kumiliki. Hupelekwa ofisi ya ardhi ya halmashauri au ya mkoa zikiwa na hati miliki halisi, risiti ya pango la ardhi, vitambulisho, namba za mlipakodi za pande zote mbili, ridhaa ya mwenza na ripoti ya uthamini. Kibali hutolewa na Kamishna wa Ardhi au afisa aliyekasimiwa mamlaka hayo.

Uthamini hufanywa na mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na ripoti yake huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Familia nyingi hushangaa kwa nini nyumba inayotolewa bure ithaminiwe. Sababu ni kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato humchukulia anayetoa mali bila malipo, au kwa mtu wake wa karibu, kana kwamba amepokea bei ya soko. Faida inayohesabiwa ni tofauti kati ya thamani hiyo na gharama alizotumia kuipata na kuiendeleza, na kwa mkazi wa Tanzania hutozwa asilimia 10.

Tuchukue mfano. Nyumba imethaminiwa kwa shilingi 80,000,000. Mtoaji alinunua kiwanja kwa 15,000,000 na ana risiti na mikataba ya ujenzi ya 45,000,000. Faida ni 20,000,000, na kodi ni 2,000,000. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya thamani yote kwa utaratibu ulioletwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, yaani 2,400,000 kwa nyumba hiyohiyo. Risiti za saruji na mabati zilizotunzwa kwenye bahasha zinaweza kumwokolea mtu fedha ya kweli. Sheria inaacha nje ya kodi hii nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi humo kwa miaka isiyopungua mitatu, iwapo faida haizidi shilingi 15,000,000, pamoja na shamba lenye thamani ya soko chini ya shilingi 10,000,000 lililolimwa kwa angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyotangulia. Hata aliye ndani ya msamaha huo apeleke nyaraka Mamlaka ya Mapato, kwa sababu Msajili anahitaji cheti cha Mamlaka kabla ya kusajili.

Ushuru wa stempu hulipwa pia, na kwa zawadi hukokotolewa kwa thamani ya mali, karibu asilimia 1. Kwa nyumba ya mfano wetu ni takriban shilingi 800,000. Ardhi ya kilimo hutozwa kiasi kidogo sana kisicholingana na thamani. Hati ipigwe stempu ndani ya siku 30 tangu isainiwe, vinginevyo kuna adhabu, na hati isiyolipiwa ushuru haipokelewi mahakamani kama ushahidi. Viwango vya kodi hubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, ambayo kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai, hivyo anayesaini mwezi Juni athibitishe kiwango kabla ya kupanga bajeti. Malipo yote ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia benki au simu. Anayekuomba umpe fedha mkononi “akusukumie faili” hana haki nayo.

Kodi ikishalipwa na kibali kutolewa, nyaraka zote hufika kwa Msajili wa Hati. Ada ya usajili hulipwa, jina la mtoaji hufutwa, na la mpokeaji huandikwa katika daftari na juu ya hati. Tarehe hiyo ndiyo ya kuzingatia. Mtoaji akiwa mgonjwa, wakili aelezwe ili asiache faili likae wiki nzima mezani.

Ukitoa sehemu tu ya kiwanja

Mzazi mwenye kiwanja kikubwa mara nyingi hutaka kumpa mtoto uwanja wa nyuma tu. Hati moja haiwezi kukatwa kwa maneno. Ombi la kugawa kiwanja hupelekwa kwa afisa mipango miji wa halmashauri, ambaye huangalia kama vipande vitakavyopatikana vina ukubwa unaoruhusiwa na kama vyote vitakuwa na njia. Mpima aliyesajiliwa hupima upya, ramani huidhinishwa, hati ya zamani hurejeshwa na hati mpya huandaliwa kwa kila kipande, ndipo kipande cha zawadi kihamishwe. Mahali ambapo mgawanyo haukubaliki, mzazi anaweza kumwingiza mtoto kama mmiliki mwenza. Katika umiliki wa pamoja usio na mafungu, mmoja akifariki sehemu yake humwendea aliyebaki. Katika umiliki wa mafungu, kila mmoja ana fungu lake na humwendea mrithi wake. Wakili aeleze ni aina ipi inayoruhusiwa kati ya mzazi na mtoto, na iandikwe waziwazi, kwa kuwa matokeo yake kwa watoto wengine hayafanani hata kidogo.

Kiwanja kisicho na hati, na ardhi ya kijiji

Mijini, maelfu ya nyumba zimejengwa katika maeneo yasiyopimwa, na mmiliki ana mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, au leseni ya makazi, yaani kibali cha muda cha kukaa katika eneo lisilopimwa. Zawadi ya nyumba kama hiyo iandikwe na wakili kwa uangalifu uleule, majirani wa pande zote nne washuhudie mipaka, mwenyekiti wa mtaa asaini kama shahidi, ushuru wa stempu ulipwe, na mikataba yote ya zamani ikabidhiwe kwa mpokeaji. Muhuri wa mtaa haumfanyi mtu kuwa mmiliki. Unathibitisha tu kwamba viongozi walishuhudia. Leseni ya makazi huhamishwa kupitia halmashauri iliyoitoa. Ikiwa zoezi la urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, linaendelea katika mtaa wenu, mpokeaji apeleke hati yake ya zawadi ili jina lake ndilo liandikwe wakati wa kupima, kwani kulibadilisha baadaye kunagharimu uhamisho kamili.

Kijijini, ardhi iko chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, na mahakama zimeamua mara kwa mara kwamba uhamisho uliofanywa bila kibali chake ni batili. Mtoaji apeleke ombi la maandishi, mpokeaji ajieleze, na uamuzi uingizwe katika muhtasari wa kikao. Ombeni nakala ya muhtasari huo yenye saini za mwenyekiti na mtendaji, kwa sababu barua ya mtendaji peke yake si uamuzi wa halmashauri. Katika kuamua, halmashauri hutakiwa kuhakikisha kwamba uhamisho haumnyang'anyi mwanamke haki yake ya kuishi na kulima kwenye ardhi hiyo. Penye hati ya hakimiliki ya kimila, mabadiliko huandikwa katika masjala ya ardhi ya kijiji.

Zanzibar ina sheria zake za ardhi na bodi yake ya uhaulishaji, na yaliyoandikwa hapa yasitumike huko.

Mtoaji anayetaka kubaki ndani ya nyumba

Mama anayempa kijana wake nyumba huku akitarajia kuendelea kuishi chumba cha mbele asitegemee mapenzi peke yake. Kijana anaweza kufariki, na nyumba ikaingia katika mirathi ya mkewe na watoto; anaweza kukopa, na benki ikauza. Kabla ya kusaini, mama apewe mkataba wa upangaji wa muda mrefu kwa kodi ya jina tu, au haki ya kuishi humo maisha yake yote iandikwe katika hati, na maslahi hayo yasajiliwe ili anayefanya upekuzi ayakute. Mkataba uliofichwa kabatini haumlindi dhidi ya mtu wa tatu aliyeangalia daftari akakuta halina kitu.

Baada ya kusajiliwa

Mpokeaji achukue hati iliyobadilishwa jina na kuikagua papo hapo dirishani: tahajia ya majina, namba ya kiwanja, tarehe. Afanye upekuzi mpya wiki chache baadaye kuhakikisha daftari linasoma hivyohivyo. Kumbukumbu za pango la ardhi zihamishiwe jina lake ili ankara zimfikie yeye. Kwa kuwa tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, taarifa za mita nazo zibadilishwe. Wapangaji waandikiwe barua, yenye saini ya mtoaji na mpokeaji, ikiwaeleza mwenye nyumba mpya ni nani na kodi italipwa wapi kuanzia mwezi upi. Hati halisi ihifadhiwe mahali salama, ikiwezekana benki, na nakala za hati ya zawadi, ridhaa ya mwenza, cheti cha Mamlaka ya Mapato, risiti ya stempu na muhtasari wa kikao cha familia zikae pamoja katika jalada moja, nakala moja kwa mpokeaji na nyingine kwa wakili.